Mkufunzi Mmoja, Ghorofa Mbili

Saa moja na dakika arobaini na mbili asubuhi, trei ya kifungua kinywa iliingia chumba 412, na mkufunzi wetu hakuwepo wodini.

Mzee Szymanski alikuwa ameketi kitandani akiisubiri trei hiyo tangu alfajiri. Alikuwa mfanyakazi wa tanuri katika kiwanda cha vioo hapa Toledo, na mikono yake ilikuwa bado na makovu ya moto. Sukari yake asubuhi hiyo ilikuwa 268, juu mno. Daktari alikuwa ameagiza yuniti nane za insulini, ile inayofanya kazi haraka, adungwe chakula kikiwa mbele yake. Akidungwa mapema mno, sukari ingeanguka kabla hajala. Akicheleweshwa, ingezidi kupanda.

"Binti, mayai yanapoa," aliniambia. "Nile, nisile?"

"Dakika moja tu, mzee."

"Marehemu mke wangu alisema hivyohivyo siku ya harusi. Padri alisinzia."

Mimi nilikuwa mwanafunzi wa uuguzi. Kanuni ya shule yetu ilikuwa wazi: mwanafunzi hamdungi mgonjwa sindano mpaka mkufunzi wake asimame kando ya kitanda na kuiona dawa kwa macho yake. Nesi wa wodi hahesabiki, hata awe na uzoefu wa namna gani. Mkufunzi mmoja, wanafunzi wanane, ghorofa moja. Hivyo ndivyo ilivyoandikwa, na hivyo ndivyo shule ilivyowaahidi wenye hospitali ili watupokee.

Mwezi Februari, mkufunzi wa kikundi cha ghorofa ya sita aliacha kazi. Shule haikuajiri mwingine. Bi. Vandergriff, aliyekuwa wetu wa ghorofa ya nne, akapewa vikundi vyote viwili. Wiki ya kwanza alipanda na kushuka ngazi mpaka viatu vikamtoa malengelenge. Wiki ya pili alitukusanya kwenye korido, akashusha sauti.

"Sikilizeni. Ukishavuta dawa, lipige picha bomba la sindano unitumie. Nikiona kipimo ni sawa, nitakujibu. Nesi wa wodi asimame na wewe. Ni mpaka shule ipate mtu."

Simu kwenye wodi zilikatazwa. Kwa hiyo tulipiga picha ndani ya chumba cha dawa, mlango ukiwa umefungwa. Sote wanane. Hakuna aliyeuliza swali, nami nikiwemo.

Asubuhi hiyo nilivuta yuniti nane, nikapiga picha, nikatuma. Alinijibu kwa alama ya kidole gumba. Rhonda Kessler, nesi wa wodi, alikuwa ameegemea mlango wa 412.

"Unamngoja Baba Mtakatifu?" aliuliza. "Mdunge mwenzio ale, mama."

Alisoma bomba, akasoma jina kwenye bangili ya mzee, akatikisa kichwa kukubali. Nikamdunga. Kipimo kilikuwa sahihi, mgonjwa alikuwa ndiye, wakati ulikuwa ndio. Mzee Szymanski alianza kula mayai yake, na saa mbili baadaye sukari yake ilikuwa imeshuka hadi 190 na alikuwa akimlalamikia Rhonda kuhusu kahawa.

Lakini nilipokuwa naitupa sindano, msimamizi wa wodi aliingia.

"Mkufunzi wako yuko wapi?"

"Ghorofa ya sita," nilisema. Ndiko alikokuwa.

Hakuniuliza tena. Alitoka kwenda kupiga simu. Kabla ya saa sita mchana tulikuwa watatu katika kiofisi chake: yeye, mimi na Bi. Vandergriff, ambaye alikuwa bado anahema kwa ngazi.

"Nilimwambia asubiri," Bi. Vandergriff alimwambia msimamizi.

Nilidhani sijasikia vizuri. "Bi. Vandergriff, ulinijibu."

Aliitazama beji yangu, si uso wangu. "Nilikwambia usubiri, Janelle."

Nikasimamishwa mafunzo hapohapo, kwa kosa la kuhatarisha mgonjwa. Katika shule yetu kosa hilo lina adhabu moja tu, kufukuzwa, na kabla ya kufukuzwa unapewa nafasi ya kusikilizwa na kamati. Nilikuwa nimebakiza wiki saba kumaliza.

Niseme nilivyofika hapo, kwa sababu hilo ndilo linaloeleza hasira yangu.

Nilifanya kazi miaka kumi na miwili katika maabara ya maji ya jiji. Kila siku nilipima vijidudu. Nilipoomba nafasi katika shahada ya uuguzi ya mwendo wa haraka, ile ya watu ambao tayari wana shahada nyingine, walinijibu kwamba somo langu la vijidudu limepita muda wake. Lilikuwa na zaidi ya miaka saba. Anatomia pia. Fiziolojia pia. Niliuliza kama kazi niliyokuwa naifanya kila siku haikuonyesha kwamba bado nalijua. Karani alisema mfumo hauna mahali pa kujaza hilo. Basi nikarudi kukaa dawati moja na watoto wa miaka kumi na tisa, jioni baada ya kazi, nikajifunza upya kuotesha vijidudu nilivyokuwa nimeviotesha mchana.

Kwenye usaili waliniuliza niwasimulie siku niliyolia pamoja na mtu mwingine. Nilisema siikumbuki. Waliniuliza kwa nini uuguzi. Nilisema mama yangu alikufa hospitalini baada ya kulazwa kwa muda mrefu, na kwamba katika muda wote huo watu waliojua hali yake halisi, saa kwa saa, walikuwa wauguzi. Nilitaka kuifanya kazi hiyo. Mmoja wao aliandika kitu. Waliniweka kwenye orodha ya akiba. Nafasi niliipata mtu mwingine alipojitoa.

Miezi kumi na tano, bila likizo inayostahili kuitwa likizo. Somo ambalo wengine wanasoma muhula mzima sisi tulisoma wiki tano. Ukianguka somo moja, umeondoka, hakuna kurudia. Kufikia Krismasi viti kadhaa vilikuwa vitupu na hatukuvitaja. Niliacha kazi, niliacha kwaya, nilikula mkate na siagi ya karanga juu ya sinki. Sikulalamika, kwa sababu masharti nilikuwa nimeyasoma kabla ya kuyakubali. Kitu nisichokubali ni masharti kubadilishwa kisha aliyeyafuata akaadhibiwa kwa kuyafuata.

Jumapili kabla ya kamati, Deshawn Pruitt alinipigia simu. Kabla ya uuguzi alikuwa dereva wa malori jeshini, na darasani tulikaa pamoja tangu siku ya kwanza.

"Kikundi kinakutana kwa Brynn," alisema. "Wanataka uje."

"Wanataka nini?"

"Njoo tu, dada. Kuna supu ya maharage. Ni mbaya, lakini ipo."

Walikuwa saba wamezunguka meza ya jikoni ya Brynn Oberlin. Brynn alikuwa mwalimu wa chekechea kabla, na bado alizungumza kama anayetuomba tukae kwenye zulia.

"Janelle, kwanza, sote tunakupenda," alisema.

"Endelea na la pili."

Mtu alicheka, akanyamaza.

"La pili," Brynn alisema, "ukiwaonyesha kamati picha kwenye simu yako, watauliza ni nani mwingine alipiga picha. Simu wodini ni kosa. Kila mmoja wetu ana kosa hilo. Tutaondoka wote wanane."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo tumefuta zetu. Tunakuomba ufute yako."

"Na mimi niseme nini pale?"

"Sema uliogopa mgonjwa angechelewa. Sema umejuta. Wanapenda mtu akijuta."

"Sijajuta. Kipimo kilikuwa sahihi."

"Mungu wangu, Janelle, hii si maabara!"

Niliwatazama mmoja mmoja. Wiki mbili kabla yake tulikuwa tumeshikana mikono kwenye maegesho baada ya mtihani wa moyo na mishipa. Sasa kila mmoja alikuwa anaiangalia supu yake.

"Mnajua Bi. Vandergriff alitwambia," nilisema. "Mlikuwepo koridoni. Wewe Brynn ndiye uliyeuliza kama tutume kwa ujumbe wa kawaida au kwa kundi."

"Najua niliuliza nini."

"Basi njooni mseme hivyo tu. Bila picha. Semeni alitwambia."

Friji ya Brynn iliunguruma, ikazima.

"Mnamwomba mtu avae kitanzi," Deshawn alisema, "halafu mnataka awashukuru kwa kamba. Mimi nitakwenda kusema."

"Una watoto, Deshawn," Brynn alimwambia.

"Ndiyo. Na nikifika nyumbani wataniuliza nilikuwa wapi."

Niliondoka bila kula. Kwenye gari nilikaa na simu mkononi. Picha ilikuwa pale: bomba, mistari yake, yuniti nane, na chini yake kidole gumba. Sikuifuta. Sikuwa nimeamua kuionyesha pia. Ingenitetea mimi, na ingewaweka wao saba mahali nilipokuwa nimekaa. Nilikuwa na hasira nao, lakini hasira si sababu ya kumfukuzisha mtu shule.

Kamati ilikutana Jumanne. Mkuu wa shule ya uuguzi, Dkt. Whitlock, alikaa katikati. Kushoto kwake alikuwepo mwalimu wa famasia. Kulia alikuwepo Bi. Castellano, mkurugenzi wa uuguzi wa hospitali, aliyekuja kwa sababu kosa lilitokea kwake. Bi. Vandergriff alikaa pembeni, mikono mapajani. Deshawn alikuwa nje koridoni; walimwambia kwamba mashahidi wanafunzi hawaruhusiwi.

Dkt. Whitlock alianza kwa upole.

"Janelle, hakuna anayefurahia kuwa hapa. Nikuulize jambo moja kwanza. Umefikiria kujitoa mwenyewe?"

"Kujitoa?"

"Ukijitoa kabla hatujaamua, rekodi yako haitakuwa na neno kufukuzwa. Unaweza kuomba tena mwakani, kama mtu mwingine yeyote."

"Kuanzia mwanzo?"

"Ndiyo, kuanzia mwanzo."

"Na masomo yangu ya awali?"

Aligeukia karatasi zake. "Hayo ungepaswa kuyathibitisha. Naona ya kemia... hili la kemia litakuwa limepita muda wake."

Hapo nilikuwa bado nimetulia. Nililiona jambo lote kwa wakati mmoja kama linavyoonekana bomba kwenye mwanga: mtu aliyeamua mkufunzi mmoja atoshe ghorofa mbili ndiye huyu anayenishauri nikasome kemia upya.

"Sijitoi," nilisema.

"Sawa. Basi tuendelee. Bi. Vandergriff, ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa naelekea kwake. Nilimwambia asubiri. Hakusubiri."

"Naomba kumuuliza swali," nilisema.

Dkt. Whitlock alisita. Bi. Castellano ndiye aliyesema, "Muulize."

"Bi. Vandergriff, saa moja na dakika arobaini na mbili ulikuwa ghorofa gani?"

"Nilikuwa kwenye ngazi."

"Mwanafunzi mwenzetu wa chumba 609, ghorofa ya sita, ameniambia alimdunga mgonjwa wake insulini muda huohuo. Trei za ghorofa zote mbili hutoka pamoja. Alikuwa na mkufunzi gani?"

Aliitazama mikono yake.

"Shule imempa alama za sindano hiyo," niliendelea. "Imeandikwa kwamba alisimamiwa. Kama alisimamiwa, wewe ulikuwa ghorofa ya sita. Kama ulikuwa unakuja kwangu, yeye hakusimamiwa, na anapaswa kukaa kwenye kiti hiki pamoja nami. Chagua."

"Hilo si lililo mbele yetu," Dkt. Whitlock alisema.

"Subiri kidogo," Bi. Castellano alisema. Alikuwa amevua miwani. "Ghorofa mbili? Mkufunzi mmoja ana ghorofa mbili kwenye hospitali yangu?"

"Ni mpango wa muda, Bi. Castellano," Dkt. Whitlock alisema.

"Tangu lini?"

Alizipanga karatasi zake. "Tangu Februari."

"Mimi sikuambiwa."

Bi. Castellano alinigeukia. "Na ulimdunga mgonjwa kwa idhini ya nani, mama? Sema ukweli wote, maana nitauliza tena wodini."

Angeuliza wodini. Kwanza angemuuliza Rhonda, na Rhonda angetakiwa kuchagua kati ya kazi yake na mimi. Kisha angeuliza kila mwanafunzi peke yake, nao wangedanganya, na muuguzi aliyeshikwa akidanganya kuhusu dawa hapati leseni kamwe. Hilo ndilo lililoniamulia. Niliweka simu mezani, picha ikiwa wazi, nikaisukuma kwake.

"Kwa idhini hii," nilisema. "Alitwambia sote tufanye hivi. Tulifanya hivyo sote, katika chumba cha dawa. Najua simu imekatazwa. Wenzangu hawakubuni jambo hili, waliagizwa na mwalimu wao. Naomba liandikwe hivyo."

Bi. Castellano aliitazama picha kwa muda. Aliikuza kwa vidole viwili, akasoma yuniti.

"Nane," alisema.

"Ndiyo."

"Na hiki kidole ni cha nani?"

Bi. Vandergriff alianza kulia. Mwalimu wa famasia alimsogezea sanduku la karatasi laini. Mimi sikusogea.

Walitutoa nje. Deshawn alisimama aliponiona.

"Vipi?"

"Nimewaonyesha."

Alipumua kwa nguvu, akakaa tena. "Brynn ataniua mimi kwanza, halafu wewe."

Bi. Vandergriff alitoka baada yangu, macho mekundu, koti mkononi. Alinijia.

"Niliwaambia mara tatu siwezi ghorofa mbili, Janelle. Mara tatu. Walisema nivumilie, au wamtafute atakayeweza."

"Kwa nini hukusema hivyo mle ndani?"

Alivaa koti lake. Akaenda kwenye lifti. Alikuwa amenifundisha namna ya kumgeuza mgonjwa aliyevunjika nyonga bila kumuumiza, na hakuna aliyefundisha vizuri kuliko yeye. Nilikuwa na hasira naye mpaka meno yaliniuma, na hasira hiyo haikubadilisha ukweli kwamba alinifundisha vizuri.

Uamuzi ulitoka Alhamisi. Nilipewa onyo, nikarudishwa. Sindano zote ambazo kikundi chetu kilidunga tangu ule mkutano wa koridoni zilifutwa kwenye rekodi zetu. Kila mmoja wetu alipaswa kuzirudia mbele ya mkufunzi, Jumamosi, mpaka hesabu itimie. Hakuna aliyefukuzwa. Bi. Vandergriff aliondoka shuleni wiki hiyohiyo. Tangazo lilisema ameamua kutumia muda zaidi na familia. Dkt. Whitlock alibaki kwenye cheo chake. Bi. Castellano aliiambia shule kwamba hospitali haitampokea mwanafunzi hata mmoja mpaka kila ghorofa iwe na mkufunzi wake mwenye leseni.

Brynn alinikuta kwenye maktaba.

"Nilikuwa na kazi Jumamosi," alisema. "Ndiyo kazi pekee niliyobakiwa nayo. Umefurahi?"

"Hapana."

"Ungefuta tu, Janelle."

"Wewe ulifuta. Leo ungekuwa na nini cha kuwaonyesha?"

Aliondoka, na hakuzungumza nami tena mpaka tulipomaliza, isipokuwa wodini, pale kazi ilipohitaji, na hapo alizungumza vizuri.

Jumamosi ya kwanza tulifika kabla ya jua. Ghorofa ya sita ilikuwa imempata mkufunzi kutoka shule ya jirani. Ghorofa ya nne haikuwa imempata mtu. Tulisimama kwenye korido tukisubiri, Deshawn akipiga miayo, na lifti ikafunguka. Alitoka Dkt. Whitlock. Alikuwa amevaa koti jeupe lenye mikunjo ya pasi, jipya kabisa, na beji ya muda iliyobandikwa kwa gundi.

"Leseni yangu bado ni hai," alitwambia, kabla hatujamuuliza.

"Tunashukuru, Daktari," Deshawn alisema, bila kucheka, jambo lililomgharimu.

Mgonjwa wangu alikuwa Bi. Farkas, mama wa miaka themanini aliyelazwa kwa kidonda cha mguu. Trei iliingia saa moja na dakika arobaini na sita. Sukari yake ilikuwa 231, kipimo yuniti sita. Nilikwenda chumba cha dawa na Dkt. Whitlock nyuma yangu. Nilivuta dawa, nikainua bomba kwenye mwanga. Alilitazama, akavaa miwani, akalitazama tena.

"Sita," alisema.

"Sita."

Tukaingia chumbani. Bi. Farkas alitutazama, mimi, na koti jeupe, na Rhonda mlangoni.

"Mbona mmekuja wengi hivi? Ninakufa?"

"Hapana, bibi," nilisema. "Unakula."

"Basi harakisheni, chapati hizi za maji zikipoa zinakuwa kama soli ya kiatu."

Nilisoma jina kwenye bangili yake kwa sauti. Nilisafisha ngozi ya tumbo, nikaibana kati ya vidole viwili. Hapo simu ya Dkt. Whitlock ilitetema mfukoni mwake. Aliitoa, akaanza kusoma.

Sindano ilikuwa mkononi mwangu, juu ya ngozi. Sikudunga. Bi. Farkas aliangalia sindano, akaniangalia mimi, akamwangalia yeye. Rhonda alikohoa mlangoni.

Dkt. Whitlock aliinua macho. Alituona sote watatu tukimsubiri. Aliizima simu, akairudisha mfukoni, akasogea mpaka kando ya kitanda.

Nikadunga.